Namna ya kuchora kila siku ukiwa na mtoto mdogo, bila kusubiri akue

Wamama wasanii tuna tabia ya kuambiana subiri mtoto akue kidogo utapata muda, na mi naona huo ushauri ndo umezima sanaa za watu wengi, maana akiacha kunyonya anaanza kutembea, akianza kutembea hakuna kitu mezani kitakuwa salama, akienda shule kuna homuweki na sare za kufua. Yale masaa matatu mfululizo ya zamani sahau kwanza. Tuongee namna ya kufanya kazi na hiki kilichopo, yani dakika kumi hapa, kumi na tano pale, ishirini ukibahatika.

Naongelea zaidi kuchora kwa sababu ndo kazi yangu, ila kama unafinyanga au unadarizi utajua mwenyewe pa kurekebisha.

Cha kwanza kabisa chagua kazi inayokubali kukatizwa. Watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia kupanga ratiba, sasa ratiba itakusaidia nini kama kazi yenyewe ukiiacha kidogo tu imeharibika? Rangi ya akriliki kwa mfano inakauka ndani ya dakika chache, mtoto akilia ukaenda kumbembeleza ukirudi rangi kwenye sahani imeshakuwa plastiki na brashi ndo basi tena. Rangi za mafuta zenyewe zinachukua siku kadhaa kukauka, hapo utasema afadhali, lakini sasa una turubai bichi ndani ya nyumba yenye mtu anayetambaa na kushika kila anachokiona, na juu ya hapo kuna tapentaini ya kuzimulia rangi, ambayo mvuke wake hautakiwi kabisa kwenye chumba alicholala mtoto. Mi nashauri rangi za maji za vidonge. Zikikauka unazilowesha na brashi zinaamka vilevile, hata ukizitelekeza mwezi mzima hazinuni. Bolpeni na penseli ndo hata maji hazihitaji.

Kama moyo wako uko kwenye akriliki na huwezi kuiacha, chukua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, tandika chini tishu nzito zilizoloweshwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, rangi unaiweka hapo. Ukiitwa unafunga mfuniko unaondoka, na rangi inaweza kukaa mbichi hata siku kadhaa. Brashi unaizungushia mfuko wa nailoni.

Ruth Asawa, mchongaji wa Marekani, alilea watoto sita huku anasuka sanamu zake za waya nyumbani, watoto wakiwa humohumo. Ule ufundi wa kusuka waya aliupata Mexico mwaka 1947 kwa watu waliokuwa wanatengeneza vikapu, na ukiangalia utaona kwa nini ulimfaa, maana waya unaushika popote, unauweka chini popote, ukirudi unauendeleza kitanzi kinachofuata. Sisemi alichagua waya kwa sababu ya watoto, alianza kabla hajawapata, ila we ukiwa unachagua sasa hivi una haki ya kuangalia hilo.

Muda. Mtoto wa miezi mitatu ya kwanza analala kama masaa 14 hadi 17 kwa siku, ukisikia hivyo unaweza kudhani utamaliza maonyesho mawili, kumbe anayalala vipandevipande na ananyonya mara 8 hadi 12, kwa hiyo usipange kwa saa, panga kwa tukio. Usiseme "saa nne nachora", sema "akishalala ule usingizi wa kwanza wa asubuhi nachora", uwe saa tatu uwe saa tano haijalishi. Na hapa najua tutabishana: akilala, sanaa inaanza, vyombo vinafuata. Vyombo unaweza kuosha mtoto akiwa macho anakuangalia, nguo unaweza kukunja naye anazikunjua, lakini mkono uliotulia unaupata akiwa amelala tu. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunakimbilia jikoni tunasafisha mpaka kunang'aa, tukikaa tu na penseli mtoto huyo kaamka. Ila wiki zile za mwanzo baada ya kujifungua usinisikilize hata kidogo, akilala na wewe lala.

Siri nyingine ni kuanza ndani ya dakika moja. Vitu vyote vikae kwenye trei moja au boksi lenye mfuniko: karatasi zimeshakatwa, rangi, brashi mbili tu, maji kwenye chupa ya kufunga, kitambaa. Trei inakaa juu ambako mtoto hafiki, ukiishusha umeanza. Kama unatakiwa kwanza kutafuta penseli, halafu kuchonga, halafu kufuta meza, dakika zako kumi zimeisha hujagusa karatasi na hasira umepata bure. Andaa usiku, hata kama umechoka, ni kazi ndogo.

Sasa kuacha, hapa ndo penyewe, na sioni watu wakipaongelea. Usifanye mpaka pale unapohisi umefika mwisho wa kipande. Acha katikati, wakati bado unajua kabisa kinachofuata, halafu kabla hujainuka andika maneno mawili matatu pembeni ya karatasi kwa penseli: "kivuli chini ya kidevu", au "bluu zaidi kushoto, usiguse paji". Inaonekana jambo dogo ila ukirudi baada ya masaa sita, kichwa kimejaa nepi na homa na nani kachukua rimoti, yale maneno yanakurudisha moja kwa moja. Bila hayo utakaa unaikodolea macho picha kama vile kachora mtu mwingine. Na mtoto akilia ghafla huna hata muda wa kuandika, basi weka nukta ya penseli pale mkono ulipokuwa unaenda.

Wakati wa kunyonyesha nao usiudharau. Mkono mmoja uko huru, na umekaa mahali pamoja. Weka bolpeni na kijitabu kidogo kwenye kile kiti unachokaaga, tena kijitabu chenye jalada gumu ili usihitaji mkono wa pili kukishika. Chora kilichopo mbele yako. Angalia ile ngumi iliyokaa kifuani kwako: mtu mzima ana vifundo vya mifupa pale vidole vinapoanzia, mtoto mchanga pale ana vishimo, kwa hiyo usichore mabonde na milima uliyozoea, chora vivuli vinne vidogo vya duara, na mstari mmoja tu wa mkunjo kwenye kifundo cha mkono ambapo nyama imejibana. Halafu atasogea. Usifute, anza mwingine pembeni, na mwingine, ukurasa mmoja ukiwa na ngumi saba ambazo hazijaisha ni mazoezi mazuri kuliko ngumi moja uliyoihangaikia wiki nzima.

Akishaanza kutembea mbinu ya kujificha imekufa, mshirikishe. Shuka chini sakafuni, yeye ana karatasi zake na kreyoni zake, wewe una zako. Atakuja kuchora kwenye yako, hilo halina mjadala, kwa hiyo mkiwa wote chora vitu ambavyo hutalia vikiharibika, na ile kazi ya maana ibaki ya wakati amelala. Angalia usalama pia: vifuniko vya kalamu, pini na nyembe visikae chini hata sekunde, rangi zenye kadmiamu au risasi, yani metali zenye sumu, zitoe kabisa kwenye orodha yako mpaka akue, na chaki laini zinazotoa vumbi zifanyie kazi ambapo yeye hayupo.

Kuhusu mwenza wako, neno "nisaidie" halifanyi kazi. Atasema sawa, na ataendelea kukaa. Sema kitu chenye siku na saa: "Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa moja hadi saa mbili usiku, mtoto ni wako, mi nafunga mlango." Halafu funga kweli. Ukisikia kilio usitoke mbio, mpe baba mtu nafasi ya kujua mwanae anabembelezwaje, ukitoka mara mbili tu makubaliano yamekufa. Kama unalea peke yako tafuta mama mwenzio mwenye mtoto wa rika hilo, wiki hii unakaa na wake masaa mawili, wiki ijayo anakaa na wako.

Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza, alijifungua watoto watatu kwa mpigo mwaka 1934, na tayari alikuwa na mwingine. Alishikilia kwamba mama msanii anaweza kabisa, mradi afanye kazi kidogo kila siku, hata nusu saa. Alikuwa na watu wa kumsaidia kulea, tusidanganyane, lakini hilo la nusu saa mi naliamini, na naweza kulishusha zaidi: siku mtoto ana homa, mstari mmoja kwenye kijitabu unatosha kuihesabu siku. Na ukikosa kabisa, kesho yake fanya kiasi kilekile cha kawaida, usijaribu kulipia, ukianza kulipia utachoka na utakosa tena.

Swali linabaki, hivi vipande vidogo vitakuwa kazi kubwa lini? Kata karatasi zote saizi moja, na shika mada moja angalau mwezi, mikono tu, au dirisha lilelile asubuhi na jioni. Andika tarehe nyuma. Mara moja kwa wiki mtoto akilala zitandaze zote sakafuni uziangalie kwa pamoja, utaona mbili tatu zinaongea, hizo ndo utakuza kwenye karatasi kubwa kwenye masaa yako ya Jumanne. Saizi zikiwa moja unaweza kuziweka hata thelathini kwenye ukuta mmoja na zikasimama kama kazi moja.

Na mtu akikupa oda, zidisha muda unaodhani utahitaji mara tatu kabla hujamtajia tarehe, na wiki ya chanjo usiihesabu kabisa.