SOMO: Kuifunga nyumba ya zamani ya matofali isiachane kwenye tetemeko

Tangu tetemeko la Kagera, Septemba 10, 2016 (kipimo 5.9, Bukoba waliumia, Mwanza tulitikiswa), swali ni lilelile: nyumba ya zamani ya tofali naiimarishaje? Naandika mara moja.

Nazungumzia nyumba za matofali ya kuchoma zisizo na nondo.

1. Kwangua kiungo kati ya tofali na tofali kwa msumari. Ukizama kirahisi, ni udongo, hata kama lipu ya nje ni ya saruji.

2. Kibali cha halmashauri, na mhandisi aliyesajiliwa aione.

3. Ufa wa wima kwenye kona ya nyumba, mpana juu kuliko chini, maana yake kuta zinaachana. Usiufiche kwa lipu.

4. Pembetatu ya tofali chini ya paa: bomoa, weka mbao na bati.

5. Mkanda wa zege juu ya kuta zote. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu. Nondo nne za milimita 12 zinakatwa zikifika kona, kila ukuta na zake. Kwa macho mkanda umezunguka, kumbe ni vipande vinne! Nondo ikunjwe, ipite kona, ilale juu ya mwenzake sentimita 60, ifungwe kwa waya. Simama hapo wakati wa kusuka, maana zege likishamwagwa huoni kitu. Egemeza paa kwanza. Mwagilia siku saba. Na ukuta wa udongo uliolegea usiutwishe zege kabla mhandisi hajakubali.

6. Wavu wa waya kwenye kona na kuzunguka madirisha, ndani na nje, uunganishwe kwa waya unaopenya ukuta. Usipopenya ni pambo.

MASWALI

— Mkuu, bei gani jumla?
Nyumba sijaiona. Anza namba 1.

— Lipu nzito ya saruji haitoshi?
Namba 3. Soma.

— Kaka, kwetu Mabatini, hapa Mwanza, nyumba iko juu ya jiwe. Bado kuna hatari?
Swali zuri, dada. Mwamba hutikisika kidogo kuliko udongo laini wa ufukweni. Angalia kama nusu ya msingi iko kwenye jiwe na nusu kwenye kifusi: ufa huanzia hapo kwenye maungio. Tazama pia mawe yaliyo juu yako mlimani.

— Wenzetu wanalazimishwa?
California, ndiyo. Sheria ya 1986 iliagiza miji ya ukanda wa hatari kuorodhesha majengo ya aina hii. San Francisco ikapitisha amri ya kuyaimarisha mwaka 1992. Kazi kubwa huko ni kufunga kuta na sakafu na paa kwa bolti.

— Mimi tenki la lita 1000 liko juu ya ukuta wa choo.
Lishushe wiki hii, ndugu yangu. Likijaa ni tani nzima. Lijengee mnara wake wenye nondo, mbali na mlango.