Siku Moja Katika Mapango ya Mlima Elgon kwa Gharama Nafuu
Panda matatu ya alfajiri kutoka Kitale hadi Endebess, kisha bodaboda mpaka Chorlim, lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ukiwa umekwisha kulipia kiingilio kwa simu na kupatana nauli ya kwenda na kurudi. Mwombe askari wa wanyamapori akusindikize hadi pango la Kitum, linaloingia mlimani takriban mita 200. Mulika kuta kwa tochi, nawe utaona mikwaruzo ya pembe za ndovu, ambao huingia gizani usiku kuchimba chumvi. Vaa barakoa na glavu, wala usiguse kinyesi cha popo, kwani wageni wawili waliougua Marburg, homa hatari ya virusi, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelizuru pango hili. Pango la Makingeny, lenye maporomoko ya maji mdomoni, li jirani. Chakula beba mwenyewe.