Nguo za Kukukaa Vizuri Mwili Unapobadilika
Mwili unapoongezeka au kupungua, iwe ni baada ya kujifungua au kwa sababu ya umri, usikimbilie kununua nguo mpya za kujaza kabati. Tafuta chache zinazokukaa vizuri sasa hivi, kwa sababu nguo inayobana kwapani haipendezi mwilini hata ikiwa ya bei ghali. Ukienda kwenye mitumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, ligeuze gauni uangalie ndani: ikiwa kitambaa kilichoachwa pembeni mwa mshono kinafikia upana wa kidole, fundi ataweza kulitanua, lakini kikiwa kimekatwa karibu kabisa na uzi, liache hata kama rangi yake imekuvutia. Angalia mabega kwanza, kwani kiuno na pindo hurekebishwa kwa urahisi, ilhali kurekebisha bega ni kazi ambayo gharama yake inaweza kuzidi bei ya nguo yenyewe. Kwa kitenge cha kushona, mwombe fundi aache nafasi ya kutosha ubavuni na aweke mpira kiunoni kwa nyuma tu, ili mbele pabaki pametulia. Mafundi wengi hawafanyi hivyo wasipoambiwa. Mabaki ya kitambaa uyachukue na kuyatunza, maana ndiyo yatakayoongezwa ubavuni gauni litakapoanza kubana.