Maharage yaive, mkaa ubaki

Kama bei ya mkaa au gesi inakuuma, usikeshe na sufuria ya maharage jikoni. Chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, bandika. Yakishatokota, yaache yachemke kwa nguvu dakika 20 hivi. Mekundu hasa usiyapunje, yakiiva nusunusu yanasumbua tumbo. Epua, futa masizi (la sivyo blanketi limekwenda), kisha ifunge sufuria na mfuniko wake kwa blanketi zito au khanga kuukuu tatu nne, uitie kwenye kapu. Usichungulie! Kila ukifunua, joto linatoka.

Baada ya saa 3 au 4, bonyeza punje kwa vidole. Ikipondeka bila kiini kigumu, unga, na mchuzi uchemke vizuri tena. Ikikataa, rudisha motoni kidogo. Maharage ya zamani ni wabishi. Nyanya na ndimu zisubiri yaive kwanza, maana uchachu huyachelewesha kulainika. Magadi ni chembe tu, yakizidi utakula sabuni. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko ya nusu, kwa hiyo pika ya siku mbili.