Tanuru na Kiyoyozi cha Nyumba Yako Minnesota: Anza na Njia ya Hewa

Mtu aliyekulia Kisumu, Mwanza au Bujumbura hufika Minnesota bila kuwahi kuishi na mtambo wa kupasha nyumba joto. Kwetu baridi huondolewa kwa sweta na chai, na joto kwa kufungua dirisha. Hapa, ambapo usiku wa Januari huweza kushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi, mtambo huo, yaani tanuru lililo katika chumba cha chini ya ardhi, ndio unaoamua kama mabomba ya maji yatapasuka au la, na mara nyingi pia ndio unaoamua ukubwa wa bili. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2020 zilionyesha kuwa asilimia 52 ya nishati yote inayotumika majumbani huishia katika kupasha joto na kupoza hewa.

Majira yangu ya baridi ya kwanza katika nyumba niliyonunua, niliamini kwamba bili ilikuwa kubwa kwa sababu tanuru lilikuwa limezeeka. Sikujua kwamba lina chujio. Nilipolivuta hatimaye, lilitoka likiwa limevaa blanketi la kijivu la vumbi, nyuzi za nywele za kusukia na manyoya ya paka wa mwenye nyumba aliyetangulia, ingawa paka huyo alikuwa amehama miezi saba kabla. Tangu hapo, mtu akinilalamikia bili, swali langu la kwanza huwa juu ya hewa: inapita wapi, na nini kimeiziba?

Ni vyema kuelewa safari yenyewe. Katika nyumba nyingi za hapa, feni iliyo ndani ya tanuru huvuta hewa ya vyumbani kupitia matundu makubwa ya ukutani, huipitisha kwenye chujio, kisha juu ya chuma kilichopashwa na moto wa gesi, na kuirudisha vyumbani kupitia mifereji ya bati. Wakati wa kiangazi, feni ileile na mifereji ileile hupeleka hewa baridi, kwa kuwa koili ya kiyoyozi (bomba lililokunjwa linalopoza hewa) huwekwa juu ya tanuru hilohilo. Kwa hiyo chujio lililoziba hukuumiza misimu yote miwili: tanuru hupata joto kupita kiasi, swichi ya usalama ikauzima moto na kuuwasha tena bila nyumba kupata joto la kutosha, kiyoyozi nacho huota barafu kwenye koili na kuacha kupoza kabisa.

Chujio jembamba la inchi moja hubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu; lile nene la inchi nne au tano huweza kudumu miezi sita hadi mwaka. Vipimo vyake, kwa mfano 16x25x1, vimechapwa kwenye fremu ya karatasi, pamoja na mshale ambao lazima uelekee upande wa feni. Nyumba ambamo udi hufukizwa, samaki hukaangwa na watu husukana nywele sebuleni kila Jumamosi haifai kungoja miezi mitatu. Angalia chujio kila mwezi, na ukiona limebadilika rangi, litupe. Ama kuhusu alama ya MERV, kipimo cha uwezo wa chujio kunasa vumbi, wauzaji hupenda kukupandisha hadi 13 kwa sababu ni ghali zaidi. Chujio jembamba la kiwango hicho huweza kuibana feni isiyoundwa kwa ajili yake, na kwa familia isiyo na mgonjwa wa pumu, kati ya 8 na 11 hutosha.

Kisha tazama sakafu. Matundu ya kutolea hewa huwekwa aghalabu chini ya madirisha, na ndipo hasa sisi tunapopanga makochi yetu makubwa kuzunguka sebule nzima. Kochi lililofunika tundu hupashwa joto vizuri sana, na wageni walioketi juu yake hutetemeka. Usifunge pia matundu ya vyumba visivyotumika ukidhani unabana matumizi, kwani shinikizo hupanda ndani ya mifereji na hewa huvuja zaidi kwenye maungio. Katika nyumba ya kawaida, takriban asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayosukumwa kwenye mifereji hupotea kwa uvujaji. Ziba maungio unayoyafikia kwa lami maalumu ya mifereji au utepe wa karatasi ya alumini. Ule utepe wa kitambaa wa rangi ya kijivu, ambao kila mtu anao kwenye droo, ulishindwa vibaya katika majaribio ya maabara ya Lawrence Berkeley mwaka 1998, licha ya kwamba jina lake kwa Kiingereza, duct tape, linataja mifereji hiyohiyo.

Themostati, kifaa cha ukutani cha kuchagulia joto, ndiyo chanzo cha ugomvi wa kifamilia. Mama mzazi akija kutoka nyumbani mwezi wa Desemba, ataipandisha hadi nyuzi 85 za Farenhaiti akitarajia nyumba ipate moto upesi, wala si rahisi kumkatalia mzee. Mweleze kwa upole kwamba tanuru la kawaida hutoa joto kwa kasi ileile liwekwe 70 au 85. Tofauti ni kwamba halitazima. Nyuzi 68, yaani 20 za Selsiasi, zinatosha mchana kwa aliyevaa soksi. Ukishusha nyuzi 7 hadi 10 kwa saa nane kila siku, mkiwa kazini au mmelala, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama kwa mwaka. Wenye pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto kutoka nje) wasifanye hivyo ovyo, kwa sababu kuipandisha ghafla asubuhi huwasha hita ya umeme ya akiba, inayokula umeme mwingi sana.

Sehemu ya kiyoyozi iliyo nje inahitaji nafasi ya sentimita 60 pande zote. Mwanzoni mwa Juni, miti ya hapa humwaga mbegu zenye manyoya kama sufi, nayo hujigandisha kwenye mapezi (vibati vyembamba) ya mtambo mpaka usione ndani. Zima umeme kwenye kisanduku kilicho karibu nao, kisha uoshe kwa mpira wa bustani taratibu. Mashine ya maji ya shinikizo hupinda mapezi hayo. Na fundi akikuambia kwamba kiyoyozi kinahitaji kujazwa gesi kila mwaka, mwulize inavuja wapi. Gesi ya kupoza haichakai wala haiungui, na iliyopungua imevuja. Mitambo ya zamani inayotumia gesi ya R-22 ndiyo yenye hasara kubwa, kwa kuwa utengenezaji na uingizaji wa gesi hiyo ulikoma Marekani tarehe 1 Januari 2020.

Mwite fundi mara moja kwa mwaka, Septemba, kabla simu zake hazijaanza kulia mfululizo. Nilipoachwa bila joto mwaka mmoja, fundi wa kwanza alinishauri ninunue tanuru jipya. Wa pili alisugua kitambuzi cha moto kwa sufi ya chuma, na tanuru likawaka. Omba maoni ya pili kila unapotajiwa maelfu ya dola.

Moto wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, zima na uite fundi. Baada ya theluji nzito, safisha mabomba meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani, maana tanuru la kisasa hupumua kupitia hapo. Weka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, kila ghorofa. Wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika chache, hata kwenye karakana yenye mlango wazi: kaboni monoksidi haina harufu, na huua zaidi ya watu 400 kila mwaka nchini Marekani mbali na vifo vya moto.

Mpangaji hana haja ya kugusa tanuru. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyuzi 68 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Katika kipindi hichohicho, aliyelemewa na bili analindwa asikatiwe huduma ya kupasha joto, ila ni lazima apigie kampuni simu, akubaliane nayo mpango wa malipo na autimize; anayenyamaza hukatiwa.

Ukisafiri kwenda nyumbani Desemba, usizime tanuru. Liache kwenye nyuzi 55, yaani takriban 13 za Selsiasi, funga valvu kuu ya maji, acha milango ya makabati ya chini ya sinki wazi ili joto lifikie mabomba, weka chujio jipya, na umwachie jirani ufunguo aingie kila baada ya siku mbili kupapasa matundu kwa mkono.