Kupanga muziki wa kinanda kwa mazoezi ya pirueti

Darasa la baleti mjini Tabora likitafuta mpiga muziki, wa kumwendea kwanza ni mpiga kinanda wa kwaya. Vidole anavyo. Ayaache mazoea mawili tu: kusubiri waimbaji wavute pumzi kila mwisho wa mstari, na kubadili kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) karibu kila pigo. Anayepiga pirueti, yaani anayezunguka kwa mguu mmoja, hawezi kusubiri, na kodi tatu ndani ya kipimo kimoja huifanya walsi, muziki wa mapigo matatu kwa kipimo, iburute miguu.

Kwa pirueti, chagua walsi. Anza na robo noti 138 kwa dakika, yaani vipimo 46, kisha rekebisha ukishaona plie (kukunja magoti) ya kwanza. Kipimo kimoja ni hesabu moja. Piga utangulizi wa vipimo 4 kwa tempo ileile, halafu vipimo 32, na urudie vyote kwa upande wa pili. Sentensi za wimbo ziwe za vipimo 8. Wimbo wenye sentensi za vipimo 6, rudia viwili vya mwisho.

Mkono wa kushoto: besi pigo la kwanza, kodi nyepesi la pili na la tatu. Pedali ibadilishwe kila kipimo, la sivyo sauti zinachanganyika na pigo la kwanza linapotea.

Mkono wa kulia ndio wenye kazi. Zoezi la kawaida lina maandalizi hesabu 1 hadi 4, kuzunguka 5 na 6, kutua 7, kutulia 8. Melodi ipande kuelekea 5, ibaki juu kwa noti ndefu, ishuke 7. Shikilia kodi ya soh kwenye 5 na 6. Ya doh ije 7. Ukiileta doh mapema, sikio linasikia mwisho na kisigino kinashuka kabla ya wakati. Noti za mbiombio hapo nazo huharakisha mabega, na mhimili unapinda.

Pirueti mbili zinaingia katika hesabu zilezile. Usipunguze mwendo katikati. Mwalimu akitaka nafasi zaidi, tempo ishuke tangu utangulizi.

Ridimu ya kinanda inayojipiga yenyewe izimwe kabisa, maana haimwoni mchezaji. Wewe mwone: geuza kinanda uyatazame magoti, si ukuta.

Kwa fuete, mizunguko mfululizo ya mguu mmoja huku mwingine ukichapa hewani, acha walsi. Piga mbili-nne (mapigo mawili kwa kipimo) yenye besi kavu, kila mzunguko na pigo lake zito.