SOMO: Kuwafundisha watoto wadogo kusuka karatasi kwa ua la alizeti

Wadau, salaam. Tangu niweke picha za alizeti za darasa langu la awali, kila siku naulizwa "wamefanyaje?" na nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja.

Nafundisha Singida, ndiyo maana ua ni alizeti. Watoto wanaiona mashambani wakija shule, na pale katikati mbegu zilivyopangana panafanana na msuko. Hapo ndipo tunaposuka.

Vifaa: manila ya kahawia, nyeusi, njano na kijani, karatasi ya daftari, mkasi wa ncha butu, rula, gundi.

1. Kata manila ya kahawia sm 21 kwa 15 (nusu ya A4).

2. Ikunje, ibaki sm 15 kwa 10.5.

3. HAPA SOMENI TARATIBU. Karatasi sasa ina upande wa mkunjo na upande wa midomo (kingo mbili zilizo wazi). Mkasi unaanzia kwenye MKUNJO, unaelekea midomoni, na unakoma sm 2 kabla ya ukingo. Mikato mitano, kila baada ya sm 2.5, utapata njia sita, yaani vipande vya kusukia vilivyoshikana kwenye ncha.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia tu "kateni hadi kwenye mstari", sikuwaonyesha upande. Nusu ya darasa wakaanzia midomoni. Walipokunjua, karatasi ilikuwa kama kitana chenye meno pande mbili, hakuna cha kushika msuko. Wengine walipitiliza mstari. Binti mmoja alikaa na vipande vyake sita mkononi, hakulia, akaniuliza, "Mwalimu, yangu imekufa?" Sikuwa na manila nyingine kabatini. Siku hiyo sijaisahau.

Kwa hiyo: paka mkunjo krayoni nyekundu, waambie "mkasi unaanzia pekundu". Mstari wa kukomea uchore wewe, uwe mnene. Walio chini ya miaka mitano wakatie mwenyewe, wao wasuke tu.

4. Kata vipande vyeusi vinane, upana sm 2, urefu sm 17.

5. Kunjua ile ya kahawia, usuke. Kipande cha kwanza: juu, chini, juu, chini. Cha pili kianze chini. Waseme kwa sauti. Kila kipande kisukumwe kwa kidole mpaka kimguse mwenzake. Saba huingia vizuri, cha nane hubana, asiyekiweza akiache.

6. Geuza, paka gundi mgongo mzima, bandika karatasi ya daftari. Iache ikauke kabisa. Ukikata duara kabla ya hapo, msuko wote unafumuka.

7. Chora duara kwa mfuniko wa kopo, kata. Bandika petali za njano kwa nyuma, kisha shina na majani.

MASWALI

Mama Pacha: Mwalimu, wangu kasuka vizuri lakini vipande vinachomoka vyenyewe.
— Angalia mistari miwili inayofuatana. Bila shaka yote imeanza juu. Chomoa mmoja, uanze chini.

Mdau wa Kahama: Mkasi unaanzia wapi?
— Hatua ya 3. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

Mdau wa Kahama: Nimeona. Ila kwangu imekatika vipande.
— Ulipitiliza mstari. Bandika ncha zote kwenye kipande cha manila, utaendelea.

Mzazi Makini: Samahani, watoto waje shule kukata makaratasi? Wafundishwe kusoma.
— Ndugu yangu, mtoto anayesuka anakwenda kushoto kulia, anafuata mpangilio, na vidole vyake vinapata nguvu ya kushika penseli. Ninao watoto walioanza mwaka hawawezi kushika hata krayoni. Njoo darasani uone.

Bi Ukindu: Mwanangu, nimefurahi. Mimi nasuka mikeka Pemba. Hayo ya juu-chini nyie mnayaitaje? Na wa miaka mitatu anaweza?
— Shikamoo bibi. Darasani tunasema "njia" na "msafiri", yaani kipande kinachopita. Wafumaji wa nguo wana maneno yao: nyuzi zinazotandwa ni mtande, zinazopita katikati ni mshindio, nami nawafundisha wakubwa hivyo. Wa miaka mitatu mpe njia tatu pana za sm 5. Kabla ya karatasi, wasimamishe watoto sita mstari, mmoja apite na kamba: mbele ya huyu, nyuma ya yule. Wakishapita kwa miguu, mkononi hawasumbuki. Bibi, na ukili, ule utepe wa mkeka, je, una mtande?

Bi Ukindu: Marahaba. Hauna. Miyaa, yale majani ya kusukia, yote inakwenda mshazari, kila mmoja mara unapita, mara unapitiwa. Kisha ukili unashonwa kwa ukili mpaka uwe mkeka. Waletee watoto kipande wakipapase.
— Asante sana, nitatafuta.

Mama Pacha: Gundi imeisha, nafanyaje?
— Unga wa ngano kijiko kimoja, maji vijiko vitano, koroga motoni mpaka uwe mzito. Pika ya siku hiyo tu, ikilala inachacha. Paka kidogo, manila isilowe.

Mama Pacha: Na chumvi?
— Mimi siweki.

Bi Ukindu: Mkishabandika, wekeni kitabu kizito juu, isije ikajikunja.